Kabla hujampiga mtoto X, muulize kwanza kwa nini

Nikuulize swali la PP2. Usicheke, jaribu tu.

Una picha nne: kisu, kijiko, sahani na nyanya. Zungushia duara kitu kisichofaa kuwa kwenye kundi.

Najua umechagua nyanya. Vingine ni vyombo vya jikoni, nyanya ni chakula, kesi imeisha. Mwalimu wa mpwa wangu naye alikuwa na jibu lilo hilo. Lakini mpwa wangu, mwenye miaka mitano na nusu, alizungushia kijiko. Akapigwa X nyekundu, kubwa, hadi karatasi ikakaribia kutoboka.

Mimi ndiye hukaa naye jioni. Dadangu hufika nyumbani saa mbili usiku, na kwa vile niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipogoma, mimi ndiye mwenye nafasi. Mchana naandika blogu, jioni nakuwa anko wa kazi za shule. Kwa hivyo X hiyo niliiona kabla ya mamake. Nikamuuliza tu, bila hasira: "Kwa nini kijiko?"

Akanitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake. "Anko, si unachukua kisu unakata nyanya, halafu unaweka kwa sahani. Kachumbari hailiwi na kijiko."

Nikanyamaza. Enyewe, jamaa alikuwa na pointi.

X moja isingenisumbua. Lakini wiki hiyo zilikuwa saba kati ya maswali kumi, na chini ya karatasi palikuwa na ujumbe: mtoto ana shida ya kupanga vitu, mzazi afikirie kama atarudia PP2. Dadangu aliusoma mara mbili, kisha akaketi na mkoba ungali begani. Kurudia si neno dogo. Ni karo ya mwaka mwingine, na ni mtoi wa miaka mitano kuambiwa na wenzake kwamba ameanguka.

"Labda ni mzito kichwa," akasema. "Sitaki aishie kuwa kama..."

Hakumalizia. Sote wawili tulijua sentensi hiyo inaishia wapi. Inaishia kwangu.

Basi usiku huo nikaanza kusoma. Nina simu, nina data, na nina kiburi cha mtu aliyeachana na chuo bila kuachana na vitabu. Nilichokipata nimeona nikupe pia wewe, maana najua kwenu kuna mtoi wa dada, wa kaka, wa jirani, au wako mwenyewe, na siku moja ataleta karatasi kama hii.

Kupanga huanza kabla ya kusema

Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba watoto huanza kupanga vitu mapema sana. Mwaka wa 1993, watafiti Paul Quinn, Peter Eimas na Stacey Rosenkrantz wa Marekani waliripoti kwamba waliwaonyesha watoto wa miezi mitatu hadi minne picha za paka, paka baada ya paka. Kisha wakawaonyesha paka mpya kando ya mbwa. Watoto wakamkodolea macho mbwa. Yaani yule paka mpya, ambaye hawakuwahi kumwona, walishamtia kwenye fungu la "wale wale", na mbwa wakamwona ni mgeni. Mtoto wa umri huo hajui hata kuketi, lakini tayari ana mafungu kichwani.

Akianza kusema, mafungu hayo unayasikia. Mpwa wangu akiwa na mwaka na nusu, kila kitu chenye magurudumu kilikuwa "mathree": gari la mwenye nyumba, mkokoteni wa maji, hata baiskeli ya muuza mkate. Tulicheka sana, tukarekodi na video. Leo najua kwamba alikuwa kazini. Alikuwa amepata neno moja na analijaribu kwa kila kitu kinachofanana na kile cha kwanza, aone litafika wapi. Miezi michache baadaye mkokoteni ukapata jina lake, baiskeli ikapata lake, na mathree ikabaki mathree.

Karibu na umri huo huo wa miezi 18, mtoto ukimpa vitu vya aina mbili vilivyochanganywa, anaweza kuanza kuvitenga mafungu mawili bila kuambiwa. Alison Gopnik na Andrew Meltzoff waliandika mwaka wa 1987 kwamba hilo huja sambamba na kile kipindi ambacho majina ya vitu humiminika kinywani mwa mtoto kama maji ya bomba lililopasuka.

Kisha unakuja umri unaotukanganya sisi wakubwa. Jean Piaget na Bärbel Inhelder, waliofanya kazi Geneva, walieleza katika kitabu chao cha 1959 jinsi watoto wadogo walivyopewa maumbo na kuambiwa waweke pamoja yanayofanana. Wengi hawakutenga miraba huku na duara kule. Walijenga. Mraba chini, pembetatu juu, hiyo ni nyumba. Swali lilikuwa kuhusu kufanana, mtoto akajibu kwa picha.

Lev Vygotsky, Mrusi aliyefariki mwaka wa 1934, alitumia vipande 22 vya mbao vya rangi, maumbo na ukubwa tofauti. Akaona kwamba mtoto mdogo hurundika tu. Akikua kidogo anaunganisha, lakini kwa mnyororo: anaanza na pembetatu nyekundu, anaongeza duara jekundu kwa sababu ya rangi, kisha duara la kijani kwa sababu ya umbo. Ni kama stori za kinyozi, zinazoanza na bei ya unga na kuishia kwa harusi ya mtu. Kila hatua ina sababu, ila sababu inabadilika njiani.

Na kuna kundi ambalo mpwa wangu analipenda kuliko yote: vitu vinavyofanya kazi pamoja. Mbwa na mfupa. Mlango na ufunguo. Kisu, nyanya na sahani. Mtoto wa umri huu anapanga vitu kwa hadithi. Anauliza, "Hivi vitu vikikutana, nini hutokea?" Shule inauliza, "Hivi vitu ni vya aina gani?" Ni maswali mawili tofauti, na hakuna aliyemwambia ni lipi linalotakikana.

Wakubwa pia hula kachumbari

Hapa ndipo nilipoketi wima. Mwaka wa 1931 na 1932, Mrusi mwingine, Alexander Luria, alienda Uzbekistan kuzungumza na wakulima ambao hawakuwahi kwenda shule. Akawaonyesha picha za nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawauliza ni kipi kisichofaa. Unajua shule ingejibu gogo. Wale wakulima walikataa kuliondoa gogo. Msumeno utakata nini? Shoka litapasua nini? Mmoja wao alipoambiwa kwamba kuna mtu ameondoa gogo, jibu lake lilikuwa kwamba pengine mtu huyo ana kuni tele nyumbani.

Hawa walikuwa watu wazima, wenye familia na mashamba, wanaojua kujenga nyumba na kulisha mifugo. Huwezi kuwaambia warudie PP2. Luria aliona pia kwamba waliopata masomo hata kidogo tu walipanga vitu kwa aina bila shida kubwa.

Kisha kuna kisa cha Liberia, kwa Wakpelle, ambacho nimemsimulia kila mtu hapa mtaani. Michael Cole, John Gay, Joseph Glick na Donald Sharp, waliochapisha kitabu chao mwaka wa 1971, waliwapa wakulima vitu 20: vyakula, nguo, vyombo na zana. Wakulima wakavipanga kwa matumizi. Kisu kikaenda na chungwa, kwa sababu kisu hukata chungwa. Jembe likaenda na kiazi, kwa sababu jembe huchimba kiazi. Wakaeleza kwamba hivyo ndivyo mtu mwenye akili anavyopanga. Glick anasimulia kwamba mwishowe mtafiti aliuliza: na mjinga angepangaje? Papo hapo wakaweka vyakula huku, nguo kule, zana pale. Safi kabisa, kama mwongozo wa kusahihishia mtihani.

Soma tena hapo. Walikuwa wanaweza muda wote. Hawakuona tu ni kwa nini mtu timamu afanye hivyo.

Usiniambie hayo ni mambo ya zamani na ya mbali. Nenda kibandani kwa mama mboga wako jioni. Hajapanga kwa aina, eti mizizi huku na majani kule. Nyanya, vitunguu na dania viko karibu, kwa sababu anajua ukiitisha kimoja utaitisha na vingine. Ukimwambia ni wa githeri anakuwekea fungu tayari. Hilo ni kundi, na ndilo linalomlipia kodi.

Nilimpigia pia Nyanya, yule wa kijijini, si yule wa kachumbari. Nikamsomea vitu vinne. Hakufikiri hata sekunde mbili. "Ondoa kisu. Nyumba iko na mtoto." Hilo nalo ni kundi la tatu kabisa: vitu salama huku, hatari kule juu ya kabati. Nilipomwambia shule inataka aondolewe nyanya, akasema, "Hiyo pia ni sawa, ni chakula." Mwaka wa 1979 Sandra Smiley na Ann Brown waliandika jambo kama hilo: watoto wa chekechea na wa darasa la kwanza walipendelea kupanga kwa hadithi, wale wa darasa la tano na wanachuo wakapendelea aina, na wazee wakarudi kwa hadithi. Lakini ukiwauliza kuhusu ile njia nyingine, waliweza kuieleza. Yaani kinachobadilika zaidi ni upendeleo, wala si akili kukua na kudidimia.

Neno moja hubadilisha mchezo

Sasa usidhani nasema shule ni takataka na kila jibu la mtoto ni hekima. La. Mpwa wangu anahitaji kujua kupanga kwa aina. Katika mtaala wa CBC, kutenga na kuweka vitu katika makundi ni miongoni mwa mambo ya kwanza ya Hisabati ya PP1, kabla ya namba zenyewe. Kuna sababu. Huwezi kuhesabu "vikombe vitatu" kama hujakubali kwamba kile chenye kishikio kilichovunjika pia ni kikombe.

Kuna pia jambo ambalo bado halijaiva kichwani mwake, na nimeliona kwa macho yangu. Niliweka mezani machungwa sita na ndizi mbili. Nikamuuliza, "Hapa ni nini mengi, machungwa ama matunda?" Akajibu, "Machungwa." Nikauliza, "Ndizi ni matunda?" Ndiyo. "Machungwa ni matunda?" Ndiyo. "Sasa ni nini mengi?" "Machungwa, Anko! Ndizi ni mbili tu." Binti wa jirani, mwenye miaka tisa, alicheka: "Matunda ndiyo mengi, si yote ni matunda!" Piaget aliuliza swali hilo kwa shanga za mbao, na akaona kwamba watoto hulipata vyema kuanzia miaka saba au minane hivi. Kabla ya hapo ni vigumu mtoto kushika kundi kubwa na kundi dogo lililo ndani yake kwa wakati mmoja. Hiyo si dosari. Ni kama meno. Yatatoka.

Lakini kuna mlango wa kumsaidia, na mlango wenyewe ni neno. Ellen Markman na Jean Hutchinson walionyesha mwaka wa 1984 kwamba mtoto ukimwonyesha gari la polisi na kumwambia "tafuta kingine kama hiki", ana uwezekano mkubwa wa kuchukua polisi. Ukimpa gari hilo jina geni, kisha umwambie "tafuta kingine chenye jina hilo", anaelekea zaidi kuchukua gari lingine. Jina humwambia mtoto: hapa tunazungumzia aina, si hadithi.

Nilijaribu jioni hiyo hiyo. Nikainua kijiko, nikasema, "Hiki ni chombo. Nipe chombo kingine." Akanipa sahani. Nikasema, "Kingine." Akanipa kisu. Nyanya aliiacha pale pale mezani, wala hakuitazama. Dakika moja, bila kiboko, bila kelele. Mtoto aliyesemekana ana shida ya kupanga vitu alikuwa hajasikia neno "chombo" likitumiwa hivyo. Kwetu tunasema "hizi vitu za jikoni", na nyanya pia iko jikoni.

Na hapo tujicheke kidogo. Sisi wa Nairobi tumekoroga ngeli hadi walimu wa Kiswahili wanalia: kiti imevunjika, kitabu imepotea, mkate imeisha. Lakini hata katika ukorogaji huo, husikii mtu akisema mtoto "imelala". Mtoto amelala. Watu tumewatenga na viti, na mpwa wangu alijua kutenga hivyo kabla ya kujua kuvaa viatu. Kila siku anaongea, kila siku anapanga.

Tulienda kumwona mwalimu

Kabla ya kwenda nilimsomea dadangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013. Kifungu cha 35 kinasema mwanafunzi hafai kuzuiwa kuendelea na darasa. Hakujua. Mimi pia sikujua. Lakini hatukuenda kupigana, na nakushauri hivyo hivyo, kwa sababu wewe ukirudi nyumbani, mtoto atabaki na mwalimu huyo.

Na mwalimu mwenyewe si mtu mbaya. Ana watoto zaidi ya 40 kwenye chumba kimoja na rundo la karatasi za kusahihisha. "Mwongozo unasema nyanya," alituambia. "Nikianza kumuuliza kila mtoto sababu, nitamaliza lini?" Tukamwomba amuulize huyu mmoja tu. Akamwita. Kijana akasimulia kachumbari yake yote, kuanzia kununua nyanya. Mwalimu akacheka hadi akafuta macho. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Sawa, lakini mimi pia nataka ajue ninachomuuliza."

Alikuwa na haki. Mtoto ana haki ya kuulizwa kwa nini, na mwalimu ana haki ya kueleweka anauliza nini. Tukakubaliana: yeye atamwita mara moja moja aeleze kwa mdomo, sisi nyumbani tutamzoesha maneno ya makundi. Suala la kurudia likawekwa kando hadi mwisho wa muhula. Halijafutwa bado. Dadangu anahesabu wiki.

Hiki ndicho tunachofanya, na hakina gharama. Tukianua nguo, yeye ndiye anayepanga: soksi huku, fulana kule. Akimaliza namwambia, "Sasa panga kwa njia nyingine." Anapanga kwa rangi. "Nyingine tena." Anapanga kwa mwenye nguo: za mama, za anko, zake. Vifuniko vya soda, vibanio vya nguo, maharagwe na njugu kabla hazijaingia sufuriani, vyote ni darasa. Natumia majina ya makundi kwa makusudi: vyombo, matunda, mavazi, zana. Na kila mara namuuliza "kwa nini" kabla sijasema sawa au si sawa. Kumbe kosa ambalo huwa nalifanya ni kuharakisha. Mara nyingi sababu yake ni bora kuliko jibu langu.

Siku moja alipanga watu wa nyumba. Mama akamweka na simu, mkoba na pesa. Mimi akaniweka na yeye, sufuria na kitabu. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu sisi tunakuwanga hapa." Nimejaza fomu nyingi tangu niache chuo, na kwenye kila fomu kuna kisanduku ambacho sijui nitie alama wapi. Sijawahi kuwekwa kwenye kundi nililolipenda kuliko hilo.

Wiki jana alileta karatasi nyingine. Picha za ndizi, embe, chungwa na mti. Alikuwa amezungushia mti, akapata tiki. Nikampongeza. Akageuza karatasi kunionyesha nyuma: alikuwa amechora ule mti, na maembe yakining'inia juu yake.

"Ile ingine ni ya mwalimu," akaniambia. "Hii ni yangu."